Najua haki zote nane za mtumiaji, mbona mtihani umenishinda?

Washauri, poleni na kazi.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Muhula huu nimechukua somo la sheria ya kumlinda mtumiaji, nikidhani litakuwa jepesi kwa kuwa mambo yake ndiyo haya tunayokutana nayo kila siku: bidhaa mbovu, matangazo ya uongo, mikataba yenye maandishi madogo. Katika jaribio la kwanza nimepata 38 kwa 100. Swali lilikuwa hili:

"Asha alinunua pasi ya umeme katika duka la Bakari, akampa dada yake Chausiku kama zawadi. Wiki sita baadaye, Chausiku akiwa anapiga pasi, waya ulishika moto. Aliungua mkono, meza na pazia lake viliteketea, na pasi yenyewe haifai tena. Pasi ilitengenezwa ng'ambo na kampuni X na kuingizwa nchini na kampuni Y. Chini ya risiti aliyopewa Asha baada ya kulipa pamechapwa: 'Bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi.' Toa ushauri kwa wahusika."

Niliandika kurasa sita. Nilianza na hotuba ya Rais Kennedy ya 1962, nikaorodhesha haki zote nane za mtumiaji, nikasimulia kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson tangu konokono aliyedaiwa kuwa ndani ya chupa ya kinywaji hadi hukumu, nikahitimisha kwamba Asha na Chausiku wote wana haki ya kulipwa. Mwalimu ameandika pembeni maneno matatu tu: "Nani anamdai nani?"

Nifanyeje? Nikariri kesi zaidi? Sheria yenyewe ina vifungu tele, inasomwaje? Na je, somo hili linafaa kwa tasnifu, au nihamie sheria ya makampuni kama wenzangu wanavyonishauri?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

*

Ndugu mwanafunzi,

Mwalimu wako hakukuonea. Usikariri kesi hata moja zaidi kabla hujaweza kulijibu swali lake hilo la maneno matatu.

Tuanze na zile haki nane, kwa sababu ndizo zilizokula kurasa zako. Nne za kwanza, yaani usalama, taarifa, kuchagua na kusikilizwa, zilitajwa na Kennedy katika ujumbe wake kwa Bunge la Marekani tarehe 15 Machi 1962. Nyingine nne ziliongezwa baadaye na vyama vya watumiaji. Umoja wa Mataifa ukapitisha Miongozo yake mwaka 1985, ikarekebishwa 1999 na 2015. Yote hayo ni maelekezo kwa serikali. Hakuna mtu anayempeleka muuza duka mahakamani kwa Miongozo ya Umoja wa Mataifa. Haki ya namna hiyo huwa na meno pale tu nchi inapoiandika kwenye sheria yake, kama Kenya ilivyofanya katika ibara ya 46 ya Katiba ya 2010. Kwenye swali la insha, historia hii inastahili aya moja. Kwenye swali la tukio kama la pasi, haistahili hata sentensi.

Tatizo lenyewe ni kwamba unalichukulia somo hili kama sheria moja, na sivyo lilivyo. Sehemu yake kubwa ni ya kuazima: sheria ya mikataba, sheria ya madhara, makosa ya jinai, na kazi za mamlaka za udhibiti, kisha juu yake pakawekwa sheria mahususi inayorekebisha kila kimoja. Kila tawi lina mdai wake, mdaiwa wake, na nafuu yake, yaani kile ambacho mdai anaweza kupewa akishinda. Ukisema "mtumiaji ana haki ya kulipwa" bila kusema tawi, hujasema kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika sentensi, chukua ukurasa wa nyuma wa kijitabu cha majibu, chora safu nne. Ya kwanza: nani dhidi ya nani. Ya pili: kwa njia gani, yaani mkataba, uzembe, au sheria ya bidhaa zenye kasoro. Ya tatu: anadai nini hasa. Ya nne: nani anathibitisha nini, na ndani ya muda gani. Kisha jaza kwa jozi, mtu na mtu. Swali lako lina jozi nne za maana.

Asha dhidi ya Bakari. Hawa wana mkataba. Sheria za mauzo ya bidhaa katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Uingereza zinatokana na ile ya 1893, na ndani yake muna masharti yanayoingia mkatabani hata kama hakuna aliyeyataja: bidhaa iwe ya ubora unaostahili na ifae kwa kazi yake. Hapa wanafunzi wengi humwonea huruma Bakari: alijuaje, pasi ilikuja imefungwa kwenye boksi? Huruma hiyo ni ya bure. Dhima ya muuzaji kwa masharti haya haitegemei kosa lake. Katika Frost dhidi ya Aylesbury Dairy, mwaka 1905, maziwa yalikuwa na vijidudu vya homa ya matumbo ambavyo muuzaji asingeweza kuvigundua kwa uangalifu wowote, na bado alishindwa.

Sasa, Asha anadai nini? Soma tukio tena. Asha hakuungua, na meza si yake. Hasara yake ya wazi ni pasi: arudishiwe pesa, au pasi itengenezwe, au apewe nyingine. Kipi kati ya hivyo, hilo linaamuliwa na zile wiki sita, ambazo mtungaji wa swali hakuziweka kwa bahati. Chini ya sheria ya Uingereza ya Haki za Watumiaji ya 2015, haki ya kukataa bidhaa papo hapo na kurudishiwa pesa hudumu siku 30 kwa kawaida, hivyo Asha amechelewa siku 12. Anabaki na haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa, na ukarabati wa mara moja ukishindikana ndipo anaweza kuikataa kabisa au kupunguziwa bei. Lakini wiki sita hizo hizo zinamsaidia upande mwingine: kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6, kwa nafuu hizo huchukuliwa kwamba ilikuwapo tangu siku ya kuuza, na ni Bakari wa kuthibitisha vinginevyo. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa na siku nyingine, au isiwe na siku kabisa bali maneno "muda wa kuridhisha". Vyovyote vile, tarehe zilizotajwa kwenye swali zina kazi. Zipigie mstari.

Chausiku dhidi ya Bakari. Hapa ndipo ulipoanguka. Chausiku hakununua chochote. Asiye mshirika wa mkataba hawezi kuudai, ila sheria ya nchi iwe imempa nafasi, kwa mfano kwa kutambua anayepewa bidhaa kama zawadi. Katafute kifungu hicho. Kipo au hakipo, na jibu lako lazima liseme. Kama hakipo, njia yake kwa Bakari ni uzembe, na ni njia nyembamba: itabidi Bakari awe alijua au alipaswa kujua, tuseme wateja wengine walishamrudishia pasi za aina hiyo.

Chausiku dhidi ya X na Y. Sasa ndipo konokono anapata kazi. Umesimulia kesi ya Donoghue ya 1932 vizuri mno, lakini umeacha sababu ya kuwapo kwake: kinywaji kilinunuliwa na rafiki yake, hivyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Ndiyo Chausiku huyo. Majaji watatu kati ya watano wa House of Lords, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, walisema mtengenezaji anayetoa bidhaa ikiwa katika hali itakayomfikia mtumiaji wa mwisho, pasipo nafasi ya kuikagua njiani, ana wajibu wa uangalifu kwake. (Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa; hoja iliyoamuliwa ilikuwa ya kisheria tu, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Mwanafunzi anayeandika kwamba "mahakama iliona kulikuwa na konokono" anajifichua kwamba hakuisoma hukumu.)

Kwa uzembe, Chausiku anadai mkono, meza na pazia. Pasi yenyewe haidai kwa njia hii. Kitu kibovu kwa ubovu wake ni hasara ya kiuchumi tu, na hiyo hudaiwa kwenye mkataba. Ukiona umeandika "Chausiku atalipwa mkono, meza, pazia na pasi", jua umechanganya matawi mawili katika sentensi moja, na msahihishaji ataliona hilo kabla ya kumaliza mstari.

Kuna kesi inayofundisha mgawanyo huu kuliko zote, nayo haina mvuto wa konokono, ndiyo maana wengi huipita. Ni Grant dhidi ya Australian Knitting Mills, iliyo katika ripoti za 1936, iliyofika hadi Privy Council, chombo cha London kilichosikiliza rufaa za mwisho kutoka himaya ya Uingereza. Mnunuzi alivaa chupi za sufu zilizobaki na kemikali ya salfa kiwandani, akapata ugonjwa mbaya wa ngozi. Aliwashtaki wawili: duka kwa mkataba, kiwanda kwa uzembe, akawashinda wote. Angalia uthibitisho ulivyotofautiana. Kwa duka, ilitosha kwamba nguo ilikuwa na kasoro. Kwa kiwanda, ilibidi pawe na uzembe, ila mahakama ikakubali kuukisia kutokana na kasoro yenyewe, maana kemikali hiyo isingebaki kama hakuna mtu aliyekosea. Chora safu zako nne kwa kesi hii kabla ya kulala leo. Utaiona tofauti.

Kisha uliza kama nchi yako ina dhima isiyohitaji kosa kwa bidhaa zenye kasoro. Marekani jambo hili lilichukua sura mwaka 1963 California, katika Greenman dhidi ya Yuba Power Products, na huko pia kifaa kilikuwa zawadi ya mke kwa mumewe. Ulaya ililiandika katika Agizo namba 85/374 la 1985. Chini ya agizo hilo Chausiku hahitaji kuonyesha uzembe, bali mambo matatu: kasoro, madhara, na kwamba moja limesababisha lingine. Anayeingiza bidhaa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya huhesabiwa kama mtengenezaji, ndiyo sababu kampuni Y imewekwa kwenye swali. Hata Bakari anaweza kunaswa hapa ikiwa mtengenezaji hajulikani na yeye anashindwa kumtaja aliyemuuzia ndani ya muda wa kuridhisha. Muda wa kufungua dai ni miaka 3 tangu mdai alipojua au alipopaswa kujua madhara, kasoro na mhusika, na baada ya miaka 10 tangu bidhaa hiyo iingizwe sokoni mlango hufungwa.

Jozi ya nne ni mamlaka ya udhibiti dhidi ya X, Y na Bakari. Sentensi tatu zinatosha. Inaweza kuamuru pasi ziondolewe sokoni, kutoza faini, kushtaki. Faini kwa kawaida huenda serikalini, haiponyi mkono wa Chausiku. Sema hivyo, uendelee.

Bado risiti. Usiijibu mwishoni kama kiambatisho; iweke ndani ya jozi ya kwanza, kwa sababu ndipo ilipo. Hoja huja kwa ngazi. Kwanza, je, maneno hayo yaliingia mkatabani? Asha aliyapata baada ya kulipa. Olley dhidi ya Marlborough Court, 1949: tangazo lililobandikwa chumbani hotelini halikumfunga mgeni aliyekwisha kufanya mkataba mapokezi. Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, 1971: vivyo hivyo kwa tiketi iliyotoka mashineni. Ingekuwa Asha alitia saini, ungekutana na L'Estrange dhidi ya Graucob ya 1934, na hali ingekuwa ngumu zaidi kwake. Pili, hata kama yaliingia, je, sheria inaruhusu muuzaji kujivua masharti ya ubora mbele ya mtumiaji? Sheria nyingi za kisasa zinakataza. Tatu, na hili hupitwa na karibu kila mtu: risiti haimhusu Chausiku hata kidogo. Kama hakuwa kwenye mkataba wa kumsaidia, hawezi kuwa kwenye mkataba wa kumnyima.

Mtego mwingine wa jirani, ambao hautakosa mtihani ujao, ni kadi ya waranti. Swali litasema mtengenezaji alitoa waranti ya mwaka mmoja, na kifaa kimekufa mwezi wa 14. Wanafunzi huandika "waranti imeisha, hana dai". Waranti ni ahadi ya ziada ya mtengenezaji. Masharti ya ubora yanatoka kwenye sheria, yanamfunga muuzaji, na hayafi kwa sababu kadi imefika mwisho. Pia muuzaji hawezi kumsukumia mteja kwa mtengenezaji akanawa mikono.

Sasa kuhusu kuisoma sheria. Usianze kifungu cha kwanza ukashuka. Anza na kifungu cha tafsiri ya maneno, ukinakili fasili tano: mtumiaji, mfanyabiashara, bidhaa, huduma, kasoro. (Kwa Kiswahili utakutana na "mtumiaji" huku na "mlaji" kule. Chagua moja, usibadilishe katikati ya jibu.) Fasili ya mtumiaji peke yake inaweza kubeba swali zima. Chukua fundi cherehani anayenunua mashine ya kushonea ya kujipatia riziki. Agizo la Ulaya namba 93/13 kuhusu masharti yasiyo ya haki linamlinda mtu binafsi anayetenda nje ya biashara au kazi yake, kwa hiyo fundi huyo yuko nje. Sheria ya India ya 2019 inawaondoa wanaonunua kwa madhumuni ya kibiashara, lakini inamrudisha ndani anayetumia bidhaa kujipatia riziki kwa kujiajiri. Fundi yule yule, mashine ile ile, majibu mawili. Ukikuta swali lenye mtu anayetumia kitu nyumbani na kazini, shaka si kubwa kwamba mtungaji anataka fasili.

Baada ya fasili, ruka moja kwa moja hadi kwenye nafuu. Kila nafuu, uliza: imeambatanishwa na ukiukaji wa kifungu gani? Rudi nyuma hadi hapo. Ukisoma kwa kurudi nyuma hivi, vifungu vilivyoonekana msitu vinakuwa njia tano au sita. Zungushia duara kila "isipokuwa", na kila "na" inayounganisha masharti. Mwanafunzi anayesoma "na" kama "au" hufupisha kazi ya mdai isivyo halali. Andika pia dai linapelekwa chombo gani na kikomo chake cha pesa ni kiasi gani, maana ushauri unaompeleka mtu mahakama isiyo na mamlaka ni ushauri mbovu hata kama hoja zake zote ni sahihi. Mwisho, tazama tarehe ya nakala yako. Lile Agizo la 85/374 nililolitaja lilikuwa na kizingiti cha ekyu 500 (ekyu ni kipimo cha fedha cha Ulaya kabla ya euro) kwa madai ya mali iliyoharibika. Agizo jipya namba 2024/2853, la bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026, limekiondoa kizingiti hicho na kuihesabu programu ya kompyuta kuwa bidhaa. Kitabu cha kiada cha miaka mitano iliyopita hakilijui hilo.

Kesi ziwekee mistari miwili kila moja: swali la kisheria lililoulizwa, na jibu. Matukio yapate maneno kumi. Donoghue: "Mtengenezaji anawajibika kwa asiye na mkataba naye? Ndiyo, bidhaa ikimfikia bila nafasi ya ukaguzi, kwa madhara ya mwili au mali nyingine." Kesi 25 za namna hii, unazojua kila moja inakaa safu gani, zinakushinda kesi 80 za kusimulia.

Swali la dakika 45 ligawe hivi: dakika 8 za safu nne, 32 za kuandika, 5 za kukagua majina na tarehe. Katika hizo 32, jozi yenye mgogoro ipate nusu. Kwa swali la pasi, hiyo ni Chausiku dhidi ya X na Y.

Tasnifu? Linafaa, mradi usiandike "Changamoto za ulinzi wa mtumiaji katika enzi ya kidijitali". Mada hiyo haina mwisho. Chukua sharti moja la mkataba, mfano usajili unaojihuisha wenyewe kila mwezi na kukata pesa, au haki ya mtoa huduma kubadili bei peke yake, ulipime kwa kipimo cha sheria mbili za nchi tofauti. Soko la mtandaoni nalo ni zuri: mnunuzi amelipa jukwaa, bidhaa imetoka kwa mtu asiyepatikana, je, jukwaa ni muuzaji? Utakuwa na maandiko ya kutosha na hoja isiyokwisha kuamuliwa. Kuhusu makampuni, wenzako wanaokwenda huko ndio watakaoandika hayo masharti madogo, kwa hiyo mtakutana.

Kwa sasa, jibu upya swali la pasi kwa sheria ya nchi yako, saa ikiwa mezani. Mpelekee mwalimu ukurasa wa safu nne kwanza, bila maelezo, umwombe aseme jozi gani imekosewa. Kusahihisha jedwali kunamchukua dakika tatu, hivyo hatakukatalia.